Kimya cha Nyumba ya Madebe

Mtu akija kwako na maneno matamu ya umoja, usimtazame mdomo. Tazama mikono yake imebeba nini. Nasema hivi nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni Tryphosa Kavetsa, mke wa Jackson Khisa, na katika lokesheni ya Waafrika hapa Eldoret kila mtu anajua kwamba mdomo wangu hauna kufuli. Wanaonisema hivyo hawanisingizii.

Tulikuwa na nyumba moja ya sala. Tuliijenga wenyewe vita vya Hitler vilipokuwa vinaelekea kwisha, kwenye kiwanja cha magugu karibu na stesheni ya reli. Nguzo zilitoka Turbo, juu ya lori la Mhindi mmoja aliyetuhurumia. Wanaume walisimamisha fito, sisi wanawake tukakanyaga udongo na kukandika kuta, na paa likawa la madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyooshwa kwa nyundo. Kwa hiyo ikaitwa Nyumba ya Madebe. Mvua ya mawe ilipopiga juu yake, hata mhubiri mwenye sauti ya ng'ombe dume alikaa chini akangoja.

Humo ndani tulikuwa mchanganyiko. Mimi ni Mragoli, nimelelewa na Wakwekeri, ambao hawabatizi kwa maji wala hawapigi ngoma. Mume wangu ni Mbukusu wa Jeshi la Wokovu, na ngoma ndiyo roho yake. Walikuwamo Waanglikana kutoka Butere, na Wanandi wa misheni moja inayobatiza kwa kuzamisha watu katika mto Sosiani, ambao tuliwaita watu wa mtoni. Jumapili tulipokezana. Jeshi walianza alfajiri, maana wao ndio wanaoweza kuamsha walevi, wakafuata Waanglikana, kisha watu wa mtoni, na sisi Wakwekeri tukafunga. Haukupita muda hakuna aliyekumbuka zamu yake inaishia wapi. Watu walikaa tu wakasali mpaka njaa iwafukuze.

Na kutoka kwetu Wakwekeri nyumba nzima ilijifunza desturi moja. Jambo zito likiletwa mbele ya watu, hakuna kunyoosha mikono. Watu wanakaa kimya, kila mmoja analipima moyoni mbele ya Mungu, mpaka mzee wa mkutano aone kwamba mioyo imekutana. Isipokutana, jambo linangoja Jumapili nyingine. Kwetu kunyamaza si kukubali. Kunyamaza ni kusema: ngoja, bado hatujakuwa pamoja. Mwanzoni Jackson aliichukia desturi hiyo, akisema inamletea usingizi, lakini ndiyo iliyomaliza ugomvi wa ngoma zake, naye akaiheshimu.

Mzee wa mkutano alikuwa Mzee Shitanda, seremala mrefu mwenye masikio makubwa. Ukimwuliza Mzee Shitanda kama mvua itanyesha, anavua kofia kwanza, anafikiri, na akimaliza kufikiri wewe umeshalowa.

Kwa kimya hicho hicho liliamuliwa jambo la binti yangu. Selpha alipendana na Kimutai, kijana wa Kinandi, mwalimu wa shule ndogo upande wa Kimumu. Mambo ya kabila tuliyamaliza kwa chai na mama yake, Mama Jeruto, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye kazi. Kilichobaki ni maji. Kimutai alikuwa mtu wa mtoni, na shule yake ilikuwa ya misheni hiyo. Kasisi wao, Mzungu aliyeitwa Ashdown, alisema hatamfungisha Kimutai ndoa mpaka msichana azamishwe.

"Mama, mimi nimemjua Yesu tangu nikiwa mgongoni mwako," Selpha aliniambia. "Nikiingia Sosiani leo, nitakuwa nasema miaka yote hiyo nilikuwa mpagani. Siwezi kusema uongo ndani ya maji."

Jambo likaletwa kwenye Nyumba ya Madebe. Tulikaa kimya Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku moja Mzee Shitanda akavaa kofia yake na kusema mioyo imekutana. Selpha na Kimutai wataoana hapo hapo, watatamka ahadi zao wenyewe kama Wakwekeri wafanyavyo, na wazee wa kila upande watakuwa mashahidi. Kasisi Ashdown alinung'unika, lakini nyumba haikuwa yake. Ng'ombe wakapelekwa kwa watu wa Jackson kule Kimilili. Tukapanga harusi iwe Jumamosi moja baada ya mavuno.

Ndipo wakubwa walipogundua umoja.

Kulikuwa na setla mmoja wa ngano, Bwana Pemberton, mwenyekiti wa kamati iliyotawala lokesheni yetu. Alikuwa mwanasiasa, akitafuta kiti katika baraza kubwa la Nairobi. Sisi tulimwita Bwana Asante, maana hakuna kitu alichokuchukulia bila kukushukuru. Alikuchukulia kiwanja, asante. Alikukatia mshahara, asante sana. Makasisi wa Kizungu, kwa upande wao, walikuwa wamegombana miaka mingi, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba anamwibia kondoo. Kondoo wenyewe tulikuwa ndani ya Nyumba ya Madebe tukiimba pamoja, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama tumeibwa.

Bwana Asante akawapatanisha. Wakala chakula nyumbani kwake, wakatoka wanacheka. Ikatangazwa Siku ya Umoja wa Wakristo, kwenye uwanja wa michezo, na watu wote wa lokesheni waje wamevaa vizuri.

Tulikwenda, tena kwa furaha! Nilivaa kitambaa changu cheupe cha kichwa. Mama Jeruto alishuka kutoka Kimumu kwa miguu, akaketi karibu nami kwenye majani. Jackson alikuwa mbele na ngoma, pamoja na wapiga tarumbeta. Wakubwa waliketi kivulini chini ya turubai. Kasisi Ashdown alisimama akaomba kwa Kiswahili kile cha vitabuni, akisema Bwana wetu aliomba ili wote wawe na umoja, na leo tunaona kwa macho yetu maombi yale yakijibiwa. Halafu yeye na Bwana Asante wakashikana mikono, makasisi wengine wakasimama wakashikana mikono, na mimi, mjinga mimi, nikatoa machozi. Nilidhani hatimaye wameona kile tulichokuwa tukikiishi.

Bwana Asante akaja mbele, akaongea nasi kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Sasa makasisi yote ni rafiki," alisema. "Hapana gombana tena. Kila misheni napata kiwanja yake. Moja huku juu, moja kule chini, moja ng'ambo ya reli. Kila mtu nakwenda kanisa yake tu, hapana changanya. Ile nyumba ya madebe navunjwa, kiwanja narudi kwa kamati. Hii ndio umoja."

Nilimtazama Mama Jeruto, naye akanitazama. Huo ndio uliokuwa umoja wao: walitugawana kama walivyogawana nchi yetu hii, wakapiga mipaka, na kwa kuwa hakuna aliyempiga mwenzake wakati wa kugawa, wakaita amani. Je, kitanda changu na Jackson kitaangukia upande wa misheni ipi? Na mtoto wangu ataolewa wapi?

"Nyinyi nakubali?" Bwana Asante aliuliza. "Kama mtu hapana kubali, sema sasa."

Mzee Shitanda alisimama polepole mbele yetu. Akavua kofia. Akainamisha kichwa.

Uwanja mzima ukanyamaza. Wakwekeri tuliinama, Waanglikana wakainama, watu wa mtoni wakainama. Jackson aliiweka fimbo ya ngoma chini. Hata mama waliokuwa wakiwanong'onezea watoto waliacha. Ilikuwa 'hapana' kubwa kuliko zote tulizowahi kusema. Tuliitoa yote, mioyo yetu yote, kwa njia nzito kuliko zote tulizozijua. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mungu ni shahidi wangu kwamba mshindo ule ulisikika mbinguni. Pale chini ya turubai haukusikika.

Bwana Asante aliangalia saa yake.

"Hapana sema? Mzuri sana. Asante. Asante sana nyinyi yote."

Akaashiria tarumbeta zipigwe. Mimi niliruka nikasimama, nikapiga kelele, "Hapana! Hatujakubali! Hapana!" lakini tarumbeta zilikuwa zimeshaanza, na ni nani amsikie mwanamke mmoja mbele ya tarumbeta? Jackson alikataa kuichukua fimbo yake. Mwenzake akampokonya ngoma akapiga yeye.

Murunga, karani wa kamati, alikuja nyumbani siku iliyofuata, macho chini. Alikuwa Mwanglikana, tumesali naye miaka yote.

"Mama Selpha, nilimwambia," alisema. "Nilimwinamia sikioni nikamwambia, Bwana, hawa watu wakinyamaza hawajakubali, ni desturi yao. Akaniambia kimya ndiyo lugha ya Waafrika anayoipenda zaidi."

"Na kiwanja chetu kinaenda wapi?"

Hakutaka kusema. Nilimshika mkono wa shati mpaka akasema. "Kilabu cha pombe, Mama. Kilabu cha kamati. Ni karibu na stesheni, vibarua wakishuka kwenye treni wanakiona. Makasisi wamepewa viwanja vyao bure, basi hawatasema kitu."

Nilikaa chini. Sikuwa na hata neno la kutukana, na mimi ni mtu ambaye maneno hayo hayanipungukii.

Tulikwenda ofisini: Mzee Shitanda, Kimutai na mimi. Tulimkuta Bwana Asante akinywa chai na Kasisi Ashdown, wamekaa kama mashemeji. Mzee Shitanda alieleza kwa utulivu kwamba watu hawakukubali, na kwamba kimya chetu kina maana yake. Bwana Asante alisikiliza mpaka mwisho, mtu mpole sana.

"Mzee, mimi nauliza mbele ya watu yote. Kama wewe hapana taka, kwa nini hapana sema? Kwetu, mtu nanyamaza nakubali. Shauri kwisha."

Kasisi Ashdown akamgeukia Kimutai. "Mwanangu, binti huyo sasa ni wa kiwanja kingine. Tumeahidiana sisi makasisi kutoingiliana. Azamishwe, ajiunge nasi, nami nitawafungisha ndoa kwa furaha. La sivyo, umtafute mchumba katika kanisa lako. Usipende kuuvunja umoja huu mchanga. Na ukumbuke, kuna walimu wengi wanaoiomba nafasi yako katika shule ile."

Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Laiti angepiga meza! Nilimwambia, "Bwana Kasisi, sisi tulikuwa kitu kimoja kabla nyinyi hamjaacha kugombana. Mmekuja kutupatanisha na nani?" Mlango ukafunguliwa na askari, nikaonyeshwa njia.

Barabarani nilimrukia Mzee Shitanda. Ndiyo, mzee wa watu, nilimrukia. "Kimya chako kimetuvunjia nyumba, Mzee! Ungesema neno moja tu! Neno moja! Mtoto wangu ameposwa, ng'ombe wameshakula majani ya Kimilili, na wewe umevua kofia!"

Akasema, "Mama Selpha, sijawahi kuulizwa swali zito nikajibu haraka. Sikujua kwamba kuna mtu anayeweza kuuliza namna ile huku jibu ameshalibeba mfukoni." Hasira yangu kwake ikaniisha. Ikabaki ile nyingine.

Walileta wafungwa kuibomoa nyumba. Madebe yalitupwa ndani ya lori, yakalia njia nzima mpaka mjini. Kuta tulizokandika zilianguka kwa mateke, kwa sababu udongo haujui kushindana. Magongo ya fito yakachomwa. Kilichobaki ni sakafu, maana sakafu huwezi kuiweka kwenye lori.

Kimutai alikuja jioni hiyo, akasimama mlangoni kwangu. "Mama, mimi Jumamosi nakuja na watu wangu. Kama hakuna nyumba, nitamwoa kwenye majani."

"Na kazi yako?"

"Kazi ni ya kasisi. Akitaka, achukue."

Selpha alikuwa ndani akisikia. Alilia, lakini hakumwambia asije.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda kiwanjani nikiwa nimebeba maji, nikamkuta Mama Jeruto ameshafika. Alikuwa ametoka Kimumu na karai la kinyesi cha ng'ombe kichwani, amepiga magoti katikati ya ile sakafu isiyo na kuta, anasiriba. "Chamgei," alinisalimu bila kuinua kichwa. Kwao na kwetu ni mamoja: bibi harusi hakanyagi sakafu kavu yenye vumbi. Nilipiga magoti upande wa pili. Wanawake wengine wakaja, Waanglikana na Jeshi na wa mtoni, tukasiriba kutoka kila pembe mpaka tukakutana katikati. Hakuna aliyeimba. Tulikuwa na hasira mno.

Jua la saa nne lilipoikausha, watu walikuwa wamejaa. Upepo wa Eldoret ulituingia mifupani. Selpha alisimama na gauni lake jeupe la kuazima, Kimutai na koti la shule. Mzee Shitanda alianza kuomba.

Gari likaja likasimama kando ya kiwanja. Wakashuka Bwana Asante, Kasisi Ashdown na fundi wa Kizungu mwenye kamba ya kupimia. Walikuja kupima kilabu. Kasisi alikuwa amekuja tu kwa sababu baadaye wangekwenda wote kukiona kiwanja chake kipya. Walipotuona tunaomba, walivua kofia. Adabu walikuwa nayo, kusema kweli. Wakasimama pembeni kungoja tumalize, na Murunga nyuma yao.

Selpha na Kimutai wakatamka ahadi zao, kwa sauti, mbele ya Mungu na mbele yetu. Halafu Mzee Shitanda akafanya jambo ambalo Wakwekeri si lazima walifanye. Aliwageukia watu akauliza kama kuna mwenye kizuizi. Akageuka tena, akawatazama wale wageni watatu, na ili wasije wakasema hawakuelewa, akauliza kwa Kiswahili chao.

"Kama mtu hapana kubali, sema sasa."

Akavua kofia.

Sote tukanyamaza. Mtoto alikohoa, treni ikapiga filimbi mbali kule Turbo, au ilikuwa ni masikio yangu. Niliwatazama wale wakubwa wawili. Kasisi Ashdown alifungua mdomo. Bwana Asante akamshika mkono wa koti na kumnong'oneza; Murunga alituambia baadaye alichosema: watu ni wengi, askari hakuna, na gazeti limeandika juzi tu juu ya umoja wetu, usilete aibu hapa, tutalishughulikia ofisini. Mdomo wa kasisi ukafungwa. Bwana Asante akatazama viatu vyake. Mzee Shitanda hakuwa na haraka. Aliwapa kimya chote, kirefu kuliko vyote tulivyowahi kukaa, akawangojea wazungumze kama Mkristo anavyomngojea mwenzake.

Mwishowe akavaa kofia.

"Bwana Mwenyekiti na Bwana Kasisi wameulizwa mbele ya watu wote, wamenyamaza," alisema. "Kwa desturi yao, anyamazaye amekubali. Murunga, wewe umesikia?"

Murunga alikuwa na watoto na kazi nzuri, na alisimama nyuma ya bwana wake. Nilimhurumia. "Nimesikia, Mzee," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Wamekubali."

"Hii ni dhihaka!" Kasisi Ashdown alipaza sauti. "Mimi sikukubali jambo lolote!"

"Umechelewa, Bwana Kasisi," Mzee Shitanda alimjibu, bila hata chembe ya kicheko. "Tulikuuliza."

Hapo Jackson akaipiga ngoma yake kwa nguvu ambazo sijazisikia tena, na mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likakwaruza. Mama Jeruto alikuwa analia. Wale watatu waliingia garini bila kupima kitu.

Ndoa hiyo hakuna aliyethubutu kuitangua, maana wakubwa wenyewe walikuwapo. Lakini msije mkadhani tulishinda. Kimutai alifukuzwa shule kabla ya mwezi kuisha, akaenda kuvuna ngano kwenye shamba la Kaburu mmoja. Murunga alihamishwa akapelekwa mbali. Kilabu kilijengwa juu ya sakafu yetu, na walevi wanatapika pale tuliposiriba.

Siku hizi, kila Jumapili nyumbani kwangu tunakunywa chai pamoja, halafu tunatoka mlango mmoja. Jackson anashika njia ya kupanda, mimi nateremka. Selpha na Kimutai hakuna kanisa linalowapokea wote wawili, kwa hiyo wanabaki nyumbani wakisali na wanao. Hiyo ndiyo zawadi tuliyoletewa na watu waliopatana.

Na kila mwaka wale wakubwa bado wanakutana uwanjani, wanashikana mikono, wanaomba ili wote wawe na umoja. Hutuma mtu nyumba kwa nyumba kutualika tukashuhudie. Majirani wengine humsikiliza tu yule mjumbe, hawajibu. Mimi simnyamazii. Namwambia siendi, na namwambia kwa sauti, mpaka lokesheni nzima isikie.